Uzi maalumu kwa wanaotaka kuanza kutazama lakrosi: karibuni, anzieni hapa

Kombora:
Habari wadau. Lakrosi inarudi Olimpiki mwaka 2028 kule Los Angeles, na tayari watu wameanza kuulizana ni mchezo gani huu wa kukimbia na fimbo yenye mfuko wa nyuzi. Wengi wanatazama dakika tano, hawaoni mpira uko wapi, wanazima. Nawaelewa. Mpira ni wa raba ngumu, mzingo wake kama sentimita 20, na mchezaji wa kulipwa akiuvurumisha unaweza kupita kilomita 160 kwa saa. Jicho la mgeni haliuwezi.

Basi kama hutasoma kingine humu, soma hiki: usiufuate mpira. Fuata mikono. Mwenye mpira anajulikana tu, maana fimbo yake haitulii. Anaizungusha kidogo kidogo karibu na bega, huku na huku, ili mpira ukae mfukoni asipoteze. Tunaita kuubembeleza. Wengine wote fimbo zao zimetulia au zinamkimbiza yeye. Ukishazoea kuitambua ile mikono, unajua mpira ulipo hata kama hujauona.

Jambo la pili ni nyuma ya goli. Kwenye soka mstari wa goli ndio mwisho wa dunia. Kwenye lakrosi goli limesogezwa ndani, na nyuma yake kuna kama mita 14 za uwanja halali. Mshambuliaji anaweza kwenda kusimama huko na mpira wake, akatulia, akatazama. Sasa fikiria shida ya kipa. Akimgeukia huyo wa nyuma, anawapa mgongo washambuliaji watano walio mbele. Akiwatazama hao, hajui pasi itatokea upande gani. Mabeki nao wako kwenye mtego huohuo, kila mmoja anageuza shingo kutafuta mpira, na nukta ile anayogeuka ndiyo mtu wake anakatiza kwenda golini. Ukiona mtu ametulia nyuma ya goli, usiende kuchota maji. Bao linapikwa pale.

Sheria mtajifunza njiani. Kwa sasa jua hivi tu: mchezo wa wanaume wa uwanja mkubwa ni watu kumi kwa kumi, yaani kipa, mabeki watatu, viungo watatu na washambuliaji watatu. Fimbo fupi ni za kufunga, fimbo ndefu, nyingine karibu mita 1.8, ni za kukaba. Kubadilisha wachezaji kunaendelea mpira ukiwa unachezwa, hamna kusubiri refa asimamishe.

Maswali yote yaje.

Chui Mweupe:
Mkuu nimetazama kidogo, matokeo yalikuwa 15 kwa 12. Kwa mtu wa soka hiyo ni mechi au ni mnada? Bao likipatikana kirahisi hivyo halina utamu.

Kombora:
Chui, swali zuri, na ndilo linalowafukuza watu wa soka wengi. Bao moja moja kweli halitikisi uwanja kama la soka. Utamu uko kwenye mfululizo. Baada ya kila bao watu wawili wanainama katikati ya uwanja, mpira umewekwa chini kati ya fimbo zao, filimbi inalia, wanaugombea. Timu iliyofunga inaweza kuupata tena palepale. Na tena. Kwa hiyo timu iko nyuma mabao manne, ina mtu mmoja hodari wa kuinama pale katikati, na wenzao hawagusi mpira. Ndani ya dakika chache mambo yamegeuka na hakuna anayeelewa kilichotokea.

Timu nyingi zina mtaalamu wa kazi hiyo moja tu. Anaingia, anagombea mpira, akishaupata anaukabidhi kwa wenzake anakimbilia benchi. Mara nyingine mechi nzima ameshika mpira sekunde chache chache tu, na bado yeye ndiye aliyeamua nani ashinde.

Na kipa. Kipa wa lakrosi akizuia nusu ya mipira iliyolenga goli anahesabiwa mzuri. Goli lenyewe ni kama mita 1.83 kwa 1.83, kipa wa uwanja mkubwa hana mapedi mazito, ana kofia, kinga ya kifua na koo, glavu na fimbo yenye kichwa kipana. Akizuia mitatu mfululizo timu nzima inabadilika rangi. Kwa hiyo kwenye soka unasubiri bao, huku unasubiri lisiloingia.

Tausi:
Kombora nakuheshimu lakini umeanza kumpeleka mgeni uwanja mkubwa na hapo ndipo utampoteza. Mita karibu 100 kwa 55, kamera iko mbali, wachezaji 20, nani ataona hiyo mikono? Mgeni aanze na lakrosi ya ndani.

Kwa wasiojua: Kanada kwenye miaka ya 1930 walianza kuichezea kwenye kumbi za hoki ya barafu wakati wa kiangazi, barafu ikiwa haipo. Ukuta unazunguka uwanja, mpira ukigonga ukuta unarudi, hakuna kutoka nje ovyo. Watano na kipa kila upande. Sekunde 30 uwe umepiga golini, la sivyo mpira unanyang'anywa. Ligi yao ya kulipwa, National Lacrosse League, inachezwa majira ya baridi hadi machipuko, na Buffalo Bandits wamebeba ubingwa mara tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025. Tazama hata robo moja ya mechi ya Buffalo wakiwa kwao, kelele za ule ukumbi peke yake zitakushika.

Goli la ndani ni dogo kuliko la uwanjani halafu kipa amevaa mapedi hadi anafanana na kabati. Kwa macho huoni pa kupitisha mpira. Lakini wanapitisha. Kwa nyuma ya mgongo, katikati ya miguu, kwa kumdanganya kipa mara mbili kabla ya kuachia. Ndiyo sababu ukiona mshambuliaji wa uwanja mkubwa ana mikono ya ajabu karibu na goli, mara nyingi utakuta alilelewa ndani.

Kombora:
Nakubali hoja ya kamera. Sikubali kwamba ya ndani ni rahisi kwa mgeni. Mwendo wake haumpi mtu nafasi ya kupumua, na kule washambuliaji na mabeki wanapishana kila dakika, hujui nani ni nani. Lakini sawa, mwenye kupenda hoki au kikapu aanze huko.

Fundi Mizani:
Nyote wawili mnasahau kitakachochezwa Olimpiki ni cha tatu. Ni lakrosi ya watu sita. Sita kwa sita pamoja na kipa, uwanja wa mita 70 kwa 36, robo nne za dakika nane nane, sekunde 30 za kushambulia. Bao likiingia hakuna kwenda katikati, kipa anaokota mpira wavuni mwake na mchezo unaendelea. Hakuna fimbo ndefu ila ya kipa, kila mtu anashambulia na kila mtu anakaba. Mechi imekwisha kabla hujachoka. Los Angeles zitakuwa timu sita za wanaume na sita za wanawake.

Kwa mgeni hii ndiyo darasa la kwanza. Wenye mapenzi ya zamani wanailalamikia kwamba imeondoa wataalamu, mimi mwenyewe nazikosa fimbo ndefu, ila siwezi kubishana na urahisi wake.

Chui Mweupe:
"Inarudi" Olimpiki? Iliwahi kuwepo?

Mzee wa Bao:
Hapo niachieni mimi, vijana.

Ilichezwa kwa medali mara mbili, St. Louis 1904 na London 1908, na Kanada walishinda zote mbili. Ile ya 1908 fainali waliwafunga Waingereza 14 kwa 10. Mwaka 1904 timu ya Wamohawk ilichukua nafasi ya tatu, mkumbuke hilo, nitalirudia. Baada ya hapo ikaonyeshwa tu bila medali mwaka 1928, 1932 na 1948. Kamati ya Olimpiki ikairudisha kwenye kikao cha Mumbai, Oktoba 2023.

Lakini mchezo ni wa kale kuliko Olimpiki hizi mara nyingi. Ni wa wenyeji wa Amerika Kaskazini. Wamisionari wa Kifaransa waliukuta kwa Wahuron kwenye karne ya 17 na kuuandika. Wakati huo uwanja haukuwa na mstari, timu zingeweza kuwa na mamia ya watu, na mchezo ulikuwa na uzito wa ibada, wa kumwombea mgonjwa au kumaliza ugomvi bila vita. Kuna pia kisa cha Juni 1763: Waojibwe walicheza nje ya ngome ya Waingereza ya Michilimackinac, wanajeshi wakatoka kutazama, mpira ukarushwa kuelekea langoni, wachezaji wakaufuata, wakapokea silaha kutoka kwa wanawake waliozificha ndani ya mablanketi, ngome ikatekwa. Kanuni zilizoandikwa zimekuja baadaye sana, 1867, kwa mkono wa daktari wa meno wa Montreal, William George Beers. Kanada leo kisheria ina michezo miwili ya taifa, hoki ya baridi na lakrosi ya kiangazi, tangu 1994.

Sasa nirudi kwa Wamohawk. Wao ni sehemu ya muungano wa mataifa sita unaoitwa Haudenosaunee. Muungano huo una timu yake ya taifa, unashindana chini ya bendera yake, na si timu ya kuongeza idadi: kombe la dunia la wanaume 2014, 2018 na 2023, mara zote tatu wametoka na shaba. Mwaka 2010 mashindano yalikuwa Manchester, wakataka kusafiri kwa hati zao wenyewe za Haudenosaunee, Uingereza ikakataa kuwapa viza, timu haikwenda. Na kwenye Michezo ya Dunia ya 2022 waliachwa nje mwanzoni, mpaka Ireland ikaamua kujitoa ili wapate nafasi. Taifa zima likaacha safari yake kwa ajili ya mpinzani. Mimi nilianza kuwashangilia Waayalandi siku hiyo na sijaacha.

Olimpiki ina shida hiyohiyo, kwa sababu anayeshiriki lazima awe na kamati ya taifa inayotambuliwa, na Haudenosaunee hawana. Rais Biden aliwaunga mkono hadharani Desemba 2023. Kuwaacha nje wenye mchezo, ukiniuliza mimi, ni aibu.

Tausi:
Mzee, ongeza kwamba ukitaka kuona mikono yao ilivyo, tafuta mechi za Lyle Thompson. Ni Muonondaga. Yeye na kaka yake Miles waligawana tuzo ya Tewaaraton 2014, ile ya mchezaji bora wa vyuo Marekani, na mwaka uliofuata akaichukua tena peke yake. Mtu anakabwa na wawili, fimbo iko mkono mmoja nyuma ya kichwa, na bado pasi inatoka.

Dada Kasuku:
Jamani mimi nimefurahia uzi lakini naogopa kuuliza. Nimeona video moja wanapigana kwa fimbo mikononi. Hiyo inaruhusiwa? Na wanawake wanacheza hivyohivyo?

Fundi Mizani:
Uliza tu dada, hakuna swali la aibu humu.

Wanaume wanaruhusiwa kupiga fimbo ya mwenye mpira na glavu inayoishika, kwa sababu glavu wanaihesabu kama sehemu ya fimbo. Wanaruhusiwa pia kumgonga kwa mwili, ila kutoka mbele au ubavuni, chini ya shingo, juu ya kiuno, na awe na mpira au awe karibu nao. Akikosea anatolewa nje, sekunde 30 kwa kosa dogo, dakika moja au zaidi kwa kosa kubwa, na timu yake inabaki pungufu. Hapo tega macho. Washambuliaji sita dhidi ya mabeki watano, pasi zinazunguka haraka, beki mmoja daima amechelewa nusu hatua. Mabao mengi mazuri utayaona dakika hizo.

Wanawake ni mchezo mwingine kabisa. Kugongana kwa mwili hakuruhusiwi, fimbo hairuhusiwi kukaribia kichwa cha mwenzako, na uwanjani wanavaa miwani ya kinga badala ya kofia ngumu. Mfuko wa fimbo yao hauna kina, kwa hiyo kuubembeleza mpira ni kazi ngumu zaidi na ndiyo maana wanavutia kuwatazama wakikimbia. Kuanzisha wanaurusha juu: mpira unabanwa kati ya fimbo mbili, unatupwa hewani, wengine wanaruka kuudaka. Kuna kanuni nyingine utakutana nayo upesi: beki haruhusiwi kusimama tu kwenye njia ya mpira kati ya mpigaji na goli kama hayuko karibu na mtu anayemkaba. Filimbi inalia, wageni wanashangaa. Ni kwa usalama wake, maana mkwaju unakuja na hana kofia.

Mtafute Charlotte North, alikuwa Boston College. Mikwaju yake ndiyo iliyowafanya watu wengi waanze kutazama upande wa wanawake.

Tausi:
Mimi nikianza kumwonyesha mtu mpya namwonyesha wa wanawake kwanza. Hakuna rundo la miili, unaona kila pasi.

Chui Mweupe:
Sawa mmenishika. Nipeni mechi moja. Moja tu, msinipe orodha ya kilomita.

Kombora:
Fainali ya kombe la dunia la wanaume 2018, Marekani na Kanada, ilichezwa Netanya, Israeli. Iliisha 9 kwa 8. Tom Schreiber alifunga la ushindi saa ikiwa inaisha. Usitazame tu kipande cha mwisho, tazama robo ya nne yote, uone jinsi walivyokuwa wanauhifadhi mpira na kuogopa kukosea. Wewe uliyesema mabao ni mengi, hiyo itakutosha.

Mzee wa Bao:
Na akimaliza atazame Gary Gait, 1988, nusu fainali ya vyuo, Syracuse dhidi ya Pennsylvania. Anatoka nyuma ya goli, anaruka, anapitisha fimbo juu ya mwamba na kuuchomeka mpira ndani kutokea nyuma. Kipa hajui amefungwa na nani. Akarudia mechi hiyohiyo. Wakubwa wakalipiga marufuku. Mkanada huyo, amelelewa kwenye lakrosi ya ndani, Tausi atafurahi.

Tausi:
Nimefurahi.

Kombora:
Halafu tafuteni msimu unaowafaa, maana video za zamani peke yake hazikufanyi shabiki. Vyuo vya Marekani vinacheza tangu Februari, fainali mwishoni mwa Mei. Kiangazi ni Premier Lacrosse League, iliyoanzishwa na Paul Rabil na kaka yake na kuanza kuchezwa 2019. Hao wana timu nane, robo za dakika 12, sekunde 52 za kushambulia, na tao la mbali ambalo ukifunga kutoka nje yake unapata pointi mbili. Mwanzoni nililiona kama kiinimacho cha televisheni. Lakini timu iliyo nyuma kwa moja haisawazishi tu, inaweza kuongoza kwa mkwaju mmoja, kwa hiyo dakika za mwisho hakuna anayekaa. Majira ya baridi ni ya ndani. Mwaka mzima hukosi.

Chagua timu moja, kwa sababu yoyote, hata rangi ya jezi. Bila mtu wa kumlilia huwezi kukaa mechi nzima.

Chui Mweupe:
Mimi nafuata kikapu. Kuna mtu wa kunivusha daraja?

Fundi Mizani:
Pat Spencer. Alishinda Tewaaraton 2019 akiwa Loyola Maryland, akaacha lakrosi akaenda kwenye kikapu, akafika Golden State Warriors. Mtazame anavyosoma pasi, kisha tazama mechi zake za zamani za lakrosi. Ni mtu yuleyule. Kuziba njia ya beki ili mwenzako apite, kumwacha mtu wako ukamsaidie aliyezidiwa, kuzungusha mpira mpaka ulinzi upasuke, vyote unavijua tayari.

Dada Kasuku:
Samahani narudi. Nimefungua mechi ya vyuo wanaume sasa hivi, nafuata mikono kama alivyosema Kombora na kweli naona. Lakini kuna kitu hakiingii akilini. Mchezaji amepiga nje kabisa, juu ya goli, refa akawapa mpira tena walewale waliokosa! Hiyo si dhuluma?

Kombora:
Umekutana nayo mapema, safi sana. Mkwaju wa golini ukitoka nje, haiangaliwi nani aliupiga. Inaangaliwa ni mchezaji wa timu gani alikuwa karibu zaidi na mpira ulipovuka mstari. Huyo ndiye anapewa. Ni kwa mkwaju tu, pasi ikitoka nje inakwenda kwa wapinzani kama kawaida. Ndiyo maana timu inaweza kupiga hovyo na bado ikaendelea kushambulia, na ndiyo maana kipa ukimwona anachomoka golini kama mwizi baada ya mkwaju kupita pembeni, anakimbilia mstari na fimbo ameinyoosha, anataka awe yeye wa karibu.

Dada Kasuku:
Aa! Kumbe yule aliyesimama nyuma ya goli muda wote bila kupewa pasi, kila wakipiga anakimbilia mstari, ndiyo kazi yake hiyo? Nilidhani amesahauliwa.

Kombora:
Hajasahauliwa. Mhesabie ni mara ngapi ameirudisha mipira leo.

Dada Kasuku:
Amefanya tena sasa hivi. Na refa amewapa wao. Nyamazeni kwanza, robo ya nne imeanza.